Mguu Uliotunza Maziwa

Stima zilikuwa zimepotea tena Kiminini. Nasike alipanga mitungi ya maziwa sakafuni, mmoja akauegemeza kwenye mguu wa kushoto wa mumewe, Wekoye, aliyekuwa amelala kwenye mkeka. Asubuhi mguu ulikuwa baridi kama barafu, na maziwa ya mtungi huo bado mabichi, mengine yote yamechacha. Tangu hapo mitungi ililala ikiuzunguka mguu wa Wekoye, na majirani wakaleta yao kwa malipo, na pesa hizo zikamlipia Kevin, mwana wa Wekoye, karo ya chuo.

Daktari mmoja Kitale aliupapasa mguu akitafuta mpigo wa damu, akaukosa.

"Mzee, mishipa imekuwa migumu, imeziba kwa mafuta. Umeze hizi dawa kila siku, uache sigara, utembee hata kama inauma. Ukizembea tutaukata."

"Na hii baridi ya mguu?" Nasike aliuliza.

"Itaisha."

Nasike hakufurahi.

Wekoye alimeza dawa. Alitembea hadi mwisho wa shamba la mahindi, akipumzika maumivu yalipozidi. Vidole vikaanza kupata joto, na maziwa yakaanza kuchacha. Majirani hawakugomba. Walisimama tu mlangoni na mitungi yao.

"Baba Kevin," Nasike alisema, "hii dawa si inatumaliza? Ati tumwambie Kevin atoke chuo?"

Wekoye alimpenda mwanawe. Aliziacha dawa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baridi iliporudi mguuni, majirani walitoa shukrani kanisani. Kidole gumba kilikuwa cheusi sasa, na maziwa yalikuwa baridi hata meno yakauma. Mguu ulikatwa Bungoma, karibu na chuo cha Kevin, ukazikwa nyuma ya migomba kwa sala fupi.

Wekoye aliporudi nyumbani, majirani walikuja kumpa pole, mitungi mkononi. Nasike alipiga magoti, akaupapasa mguu uliobaki.

"Hii bado iko moto," alisema.

"Ni dawa inasaidia. Hii niachie, Mama Kevin. Naogopa."

Nasike alimfunika blanketi, akamletea chai, akampangusa jasho usoni, maana alimpenda. Kisha akazichukua dawa kando ya kitanda na kuziweka juu ya kabati, mahali asipofika mtu wa mguu mmoja. Wekoye alimtazama. Majirani wakaanza kupanga mitungi.