Mstari wa Saba

...na hapo tena, kwenye mstari wa saba wa ficha, ile fomu ya kuomba kazi, kalamu ya Cadija ikagoma, andika kazi ulizofanya mwaka hadi mwaka, ya kwanza alishaiandika kwa herufi nzuri, mtunza ghala, bandarini Mocímboa, miaka kumi na mmoja, lakini chini yake ficha ilikuwa nyeupe, maana vita vilikuja wakakimbia, yeye na mama yake, wakakaa kambini Metuge miaka minne, na mtu huandikaje kukimbia... ila asubuhi ilikuwa njema, hilo hakulikana, benchi lilikuwa kivulini, tumbo lilishiba muhogo wa nazi, na blauzi ilikuwa imenyooshwa na mwalimu Judite, jirani yake, aliyemkalisha juzi na kumwambia, "Currículo, maelezo yako ya kazi, ni ukurasa mmoja, shoga, usianze kusimulia tangu kuzaliwa," na shemeji yake Chamsudine je, aliyemkuta kajifungia ndani mwezi mzima, "Unatafuta kazi kwa siri kama anayetafuta mchumba? Waambie watu, shemeji, sokoni, kisimani, arusini, kazi haijui mlango wako," akawaambia, uso ukimwaka kwa aibu, na ni muuza samaki ndiye aliyemletea habari kwamba hawa wajenzi wa barabara wanataka mtu wa ghala... "Adamo! Adamo ni nani?" karani aliita mlangoni, mzee mmoja akainuka akajipangusa suruali, bado watu watatu kabla yake, na huko ndani wangeuliza tu, kama alivyouliza yule bwana aliyemhoji mjini Pemba, hukuhuku Msumbiji, mwaka jana, "Miaka minne hukufanya kitu?" naye akajibu, "Nilikaa tu," bwana akafunga faili, taratibu, bila hata ubaya, Mungu amsamehe... "Dada, samahani," alisema mwanamke wa pembeni, Rosita, Mmakonde wa Mbau, walikuwa wamesalimiana walipofika, "hapa niandike nini? Mimi tangu tukimbie sijafanya kazi, kule kambini nilikuwa napika tu." "Ukimpikia nani?" "Watoto wa shule. Mia tatu, mimi na wenzangu wawili." Cadija akacheka mpaka karani akageuka, "Mia tatu, halafu unasema 'tu'! Andika mpishi, dada, na hiyo mia tatu iandike wazi waione," Rosita akainama kuandika, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini lile neno, 'tu', likabaki masikioni mwa Cadija, linazunguka kama nzi, nilikaa tu, nilikaa tu, sasa nani aliyekuwa akifungua hema la chakula kila asubuhi, nani aliyeinua magunia juu ya kichanja cha miti mvua zilipoingia, nani aliyejua kwamba bibi Alima hajafika kuchukua maharage yake, basi anaumwa, apelekewe, na ile siku lori lilipoleta unga uliovunda, dereva anang'aka, "Weka sahihi, mama, nina safari," nani aliyesimama mbele ya lori na ndala zilizokatika akasema, "Huu hauteremki hapa," na haukuteremka, ukarudi ulikotoka... hakuna aliyemlipa, ndiyo maana hakuwahi kuiita kazi, lakini ghala ni ghala, liwe la zege au la turubai, na yeye hakuliacha hata siku moja. "Ilda!" karani aliita, akaingia mwingine, kivuli kilikuwa palepale, benchi lilelile, na Cadija akaandika, mtunza ghala, kambini Metuge, miaka minne, familia mia sita, akaongeza habari ya unga, mstari ukajaa, akageuza karatasi akaendelea nyuma, akitabasamu peke yake, kwa kuwa tangu alfajiri alikuwa akiomba wasimwulize juu ya miaka ile, na sasa hofu aliyobaki nayo ilikuwa moja, wasije wakasahau kumwuliza.