Dresa Aliyesema Tunaona kwa Kisogo

Mwaka 1952 nilianguka kutoka mnazini, Temeke. Mie nilikuwa mkwezi, nawaangulia watu nazi. Nilitua kwa kisogo. Tangu siku hiyo nikawa nagonga milango kwa bega la kushoto, na watu wakikaa upande huo nawapita bila salamu. Wakasema Mwishehe kaota kiburi.

Aliyekuja kunisafisha kidonda ni dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, mtu wa Bukoba, Apolinari. Kijana, viatu vyeupe, hana mke. Alinifunika jicho moja, kisha la pili, akawa ananyoosha vidole.

"Mzee Mwishehe, macho yako mazima. Kilichoumia ni kisogo. Macho yanapokea tu, kuona kwenyewe kuko huku nyuma. Kushoto huoni kwa macho yote mawili."

"Sema basi na magoti yanasikia," nilimjibu.

Akanitania naye, mke wangu Somoe akacheka. Hakuwa amecheka tangu nianguke. Moyo ukaniwaka. Kidonda kilikauka, dresa bado anakuja. Nikajua hadithi ya kisogo ni kisingizio cha kuingia nyumbani kwangu.

Ijumaa moja Somoe alimkaribisha chakula. Tukakaa sinia moja, tunatazamana. Mbele yangu wali na mchicha. Kwetu mtu mzima hapapasi sinia, anakula kilicho mbele yake. Nikala mchicha. Mwenzangu kila tonge linapanda na samaki.

"Somoe! Huyo samaki changu umempikia nani?"

"Nyote wawili, mume wangu. Mbona hugusi wako?"

"Unanifanya mjinga mbele ya mgeni? Basi chukua talaka yako moja, umfuate!"

Apolinari alishika sinia akalizungusha. Samaki mzima aliyekuwa kushoto kwangu akatokea mbele yangu, hajaguswa, ndimu juu yake.

"Nimekurejea," nilisema pale pale. Sheria inaruhusu.

Somoe alikuwa ameshajitanda kanga. "Umenirejea kwa kuwa umemwona samaki. Na kesho usipoona kitu kingine?" Akaenda kwa mama yake, Gongo la Mboto.

Siku ya tatu nilimfuata. Mama mkwe, Bi Mwanakombo, alinizuia mlangoni.

"Mlete huyo dresa aseme mbele yangu kwamba umeumia kichwa. Asipokuja, basi uliyasema kwa akili zako timamu."

Nikaenda kumbembeleza Apolinari. Alikubali upesi mno, akapaka nywele mafuta, akachukua baiskeli. Ukweni alipiga shikamoo mpaka chini, akakieleza kisogo changu kwa adabu. Mama mkwe akamletea kiti. Mie nilisimama.

Somoe alitoka na furushi lake. Akamshukuru dresa kwanza. Kisha akaniambia, "Haya, twende."

Barabarani nilimwambia Apolinari apande baiskeli atangulie, kidonda kimepona, asije tena kwangu. Aliitika, akaondoka. Ahsante yake ikawa hiyo.

Somoe akahamia upande wangu wa kushoto, nisikoona, akatembea huko hadi Temeke.