Debe Kando ya Kichanja

Mwaka 1971, pale Mnyambe, niliua nguruwe mwitu mkubwa hata kivuli chake kilihitaji wabebaji wawili. Nikajenga kichanja uani nimkaushe kwa moshi.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba za nyasi mstari mmoja, zimebanana. Katibu kata, Bwana Modest, alitoa amri: kichanja kiwe hatua ishirini kutoka nyumbani, moto usitoe mwali maana ndege za Wareno zilikuwa zikipita mpakani, na kila nyumba iweke debe la maji uani, langu kando ya kichanja. Maji! Bwana Modest ni mtu wa Bukoba, amekulia ziwani. Sisi maji tunayafuata bondeni. Mke anaondoka alfajiri, anarudi saa tano. Nani ayaache yakae yakimtazama nguruwe?

Debe langu nililifunika vizuri. Ndani nilificha nipa, pombe kali ya mabibo iliyopigwa marufuku, ile inayowaka kama petroli. Mke wangu Perpetua alikuwa ndani na Ida, mtoto wa siku tatu, asingetoka kuchungulia.

Alasiri Bwana Modest akaja kukagua.

"Hizi ndizo hatua ishirini?"

"Ndizo, bwana."

"Za kuku?" akauliza jirani yangu Rajabu kutoka uani kwake.

Kabla sijamjibu, mafuta yakadondoka kwenye makaa. Mwali ukaruka, upepo ukaubeba.

"Baba Ida, paa!" akaita Rajabu.

Nyasi juu ya mlango zilishika moto. Rajabu akaruka ua, akalibeba debe.

"Nguruwe wako simgusi, lakini nyumba naizima!"

"Mwaga!" akapiga kelele Bwana Modest. "Mnaona faida ya sheria?"

Nikiongea, jela. Nikinyamaza, mlango mmoja tu, na mke wangu yuko ndani. Rajabu akalinyanyua debe hadi kifuani. Ida akalia.

"Usimwage! Ni nipa!"

Rajabu akaganda. Nikarukia paa, nikang'oa nyasi zinazowaka kwa mikono, nikazitupa chini. Rajabu akaweka debe mbali, akazifukia kwa jembe mpaka moshi ukaisha.

Bwana Modest akanusa debe, machozi yakamtoka. Akaenda kufunua la Rajabu: choroko. La nyumba ya tatu: kuku.

"Mwache, bwana," akasema Rajabu, "ameatamia."

Akafunua yote kumi na moja. Tone la maji hakuna.

"Kwa hiyo mngeungua wote?"

"Wote, bwana," akajibu Rajabu. "Kwa mstari."

Bwana Modest akakaa chini kabisa, vumbini, na suruali yake ya kaki. Hatimaye akasema, "Kesho kila debe lijazwe mchanga. Na wewe, twende Newala, polisi."

Perpetua akasimama mlangoni, mtoto kifuani, anga likionekana juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, bwana. Usimpeleke. Huko atakula bure, alale palipoezekwa. Mwache hapa aezeke."

Niliezeka siku nne, mikono imefungwa vitambaa. Perpetua alinipa kila fungu la nyasi kutoka chini, na siku zote nne hakunisemesha neno.