Hamali wa Mwaka wa Kwanza

Mwaka huu sikutaka mgeni. Nasema mapema, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo.

Mume wangu Abundio alikufa Oktoba, katikati ya msimu, shira ikiwa bado jikoni. Sisi hapa Toluca ni watu wa sukari. Tunatengeneza mafuvu ya sukari ya kuwawekea mezani wafu wetu wanaporudi kututembelea kila Novemba, na ya kuwatania walio hai; tunayaandika majina kwenye paji la uso. Abundio alimimina shira kwenye kalibu maisha yake yote na kulamba mwiko maisha yake yote, na kisukari nacho kikamla taratibu, mwaka baada ya mwaka. Nikawa namwinua kitandani, namwinua chooni, namwinua kwenye kiti. Tulipomzika sikulia sana. Nilichoka hata machozi yaliona uvivu kutoka.

Kabla ya juma kwisha nilirudi kwenye kibanda chetu cha mafuvu chini ya matao ya mjini, maana mafuvu hayajiuzi.

"Mama, niandikie Nikanori," mteja mmoja aliniambia.

"Pole. Ni marehemu?"

"Marehemu wapi! Shemeji yangu, mzima kama ng'ombe. Nataka aogope kidogo."

Nikaandika Nikanori. Siku nzima ilikuwa hivyo, vidole vimeganda kwa sukari, miguu imevimba. Ndipo akaja mama mkwe wangu, Mama Eufrosina, amejifunga shali yake nyeusi, akasimama mbele ya meza kama mteja.

"Herlinda, mwanangu, niandikie Abundio."

"Mama, unajua haiwezekani."

Alijua. Huku kwetu aliyekufa Oktoba hapewi ruhusa ya kuja Novemba. Ndiyo kwanza amefika, mgeni wa watu. Mwaka wa kwanza kazi yake ni uhamali: wenzake wanaingia majumbani kula, yeye anabaki njiani akiwabebea vile walivyopewa. Ukimwandikia jina na kumwashia mshumaa kabla ya zamu yake, unamtia kwenye matatizo na wakubwa wa huko.

"Naomba fuvu dogo tu," alisema.

"Dogo au kubwa, jina ni jina. Ngoja mwakani."

"Mwakani!" Alicheka bila furaha. "Wewe unaniona mimi ni wa mwakani? Mwakani nitakuwa upande wa pili wa meza, tutapishana njiani kama vipofu. Nataka nimpokee mwanangu mara moja, nikiwa mama yake bado."

Hapo nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyembeba miaka yote hiyo, yeye akija Jumapili na supu na kuondoka, na kama desturi haimruhusu Abundio kuja mwaka huu basi imenipa mimi likizo. Nilisema mbele ya watu. Alichukua fuvu moja kubwa, akaniambia niandike Kresensio, jina la mumewe aliyekufa zamani, akaondoka nalo.

Asubuhi ya Novemba mosi, siku ambayo marehemu waliokufa utu uzimani wanangojewa saa sita mchana, nilikwenda kwake kwa shingo upande, kumsaidia kupanga meza. Nilipofungua mlango nilidhani nimeingia sokoni. Maua ya manjano hadi darini. Tamale, ile mikate ya mahindi ya kuchemshwa majanini, sufuria zima, mikate ya wafu imerundikwa, vikapu vya machungwa, vichane vya ndizi, maboga mawili ya ukubwa wa mtoto wa kutambaa, na jagi la pulke, pombe ya mkonge aliyoipenda mno mumewe.

"Mama! Haya yote ya mzee Kresensio? Si ulikuwa unamnyima hata kikombe cha pili cha kahawa?"

"Nimemsamehe."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Sogeza hilo boga."

"Atayabebaje? Mgongo wake wenyewe ulikuwa mbovu."

"Ndiyo hivyo," alisema, akijitia kunyoosha kitambaa cha meza. "Peke yake hatayaweza. Itabidi aje na hamali."

Nikasimama pale na boga mikononi. Hakuvunja desturi hata chembe. Hakuandika jina, hakuwasha mshumaa wa ziada. Alichofanya ni kuongeza mzigo, akaongeza, akaongeza, ili yule mlevi mzee asiwe na la kufanya ila kumwita mwanawe Abundio. Niliona jinsi vikapu vilivyomchubua viganja kwa kubeba machungwa kutoka sokoni, na nikamwonea huruma, na nikakasirika kwamba namwonea huruma, maana nilikuja nikiwa nimeapa kutoona kitu.

Nikalibeba lile boga nikalitoa nje, uani. Nikarudi nikatoa la pili. Nikaanza kupunguza machungwa.

"Unafanya nini wewe?" alipiga kelele. "Hata hili unanikatalia? Herlinda! Una roho gani?"

"Mguu, mama."

"Mguu gani?"

"Walimkata mguu, mama. Atasimamaje na maboga mawili?"

Mama mkwe akakaa juu ya gunia la mahindi, shali ikamwanguka mabegani.

"Nilisahau," alisema. "Nikimfikiria namwona na miguu yote."

Mimi sikumwona hivyo hata siku moja. Nikifumba macho mwili wangu unakumbuka uzito wake, upande upi uliegemea, wapi nilimshika ili asianguke. Hapo nikalia, kwa sauti, chungwa mkononi, na mama mkwe akalia nami. Tulipomaliza tulipanga upya: mikate kidogo, tamale chache kwenye kitambaa chenye mafundo, ndizi kichane kimoja, na fuvu la Kresensio, ambalo ndani ni tupu na halina uzito. Pulke tuliiacha palepale mezani. Akiikosa, mzee angezua ugomvi.

Kengele za kanisani zilipoanza kulia saa sita, nilichukua kiti pekee cha maana mle ndani, chenye mto, ambacho mwili wangu ulikuwa umekitamani msimu mzima. Nikakiweka nje, kando ya mlango. Hamali haruhusiwi kuingia, lakini sijasikia desturi inayomkataza kukaa.

Mimi nikakaa chini, kizingitini.