Vipimo vya Skrini ya Baba

Baba alipanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja. Alipostaafu akaanza kuandika maisha yake kwenye kompyuta kuukuu niliyomwachia, akidonoa kwa kidole kimoja. Ilikuwa skrini nyeusi na herufi nyeupe, basi, kama alivyopenda. Ila macho yalikuwa yanafifia.

Asubuhi moja alinipigia nikiwa kazini, meza imejaa kompyuta za watu za kutengeneza.

"Mwanangu, herufi zimekuwa kama chawa. Huwezi kuzinenepesha?"

Nilicheka. Nikamwelekeza kwenye faili ambalo mashine hulisoma kila inapowaka, abadili mstari wa vipimo vya skrini. Vipimo vikipungua, herufi hukua. Hilo nalijua hata usingizini. Lakini mteja alikuwa amenisimamia kichwani, ulimi ukateleza kwa mazoea: elfu moja mia mbili themanini kwa elfu moja ishirini na nne. Hivyo ni vipimo vya skrini za ofisini. Ile ya baba haikuviweza.

Akazima, akawasha.

"Giza tupu. Nimeiua?"

"Hujaiua, baba. Usiiguse tu. Nakuja Jumamosi."

Sikwenda. Wala Jumamosi iliyofuata. Alipopiga simu hakunikumbusha, nami nikajifanya nimesahau, mpaka nikasahau kweli. Zikapita wiki tisa.

Aliyenishtua ni shangazi, anayeishi naye. Presha ya macho, alisema. Daktari kasema kilichopotea hakirudi.

Nilifika siku hiyohiyo. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza. Niliiwasha, nikabonyeza kitufe kabla haijaendelea, orodha ya kuwashia, ambayo huja kabla vipimo havijasomwa, ikatokea vizuri kabisa, nikaandika mia sita arobaini kwa mia nne themanini. Herufi zikajaa skrini, nene kama vidole. Dakika tatu. Ningeweza kumwelekeza kwa simu siku ileile.

"Imewaka?" aliuliza, uso kauelekeza dirishani.

"Imewaka, baba."

"Nisomee nilipoishia."

Nikasoma: "Siku hiyo msichana mmoja alirudisha tangazo, nilikuwa nimekosea herufi moja ya jina la marehemu baba yake, na mimi"

Hapo tu. Msichana huyo ni mama yangu. Alifariki nikiwa na miaka minne.

"Endelea, baba. Wewe sema, mimi nitaandika."

Alipapasa ukingo wa meza kwa muda.

"Haya ya mama yako nilitaka uyasome mwenyewe, peke yako. Kukutajia kwa mdomo, nakusikia unavyopumua hapo, siwezi mwanangu."

Nilimwomba msamaha. Akasema yamepita, akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi naenda kila wiki. Ananisimulia habari za wino, za mgomo, za msimamizi aliyeweza kusinzia amesimama, tunacheka, naandika. Nikimgusia lile tangazo, anamwita shangazi amletee maji.