Mdomo wa Kuazima

Kwa miaka tisa Kisa alimjua baba mkwe wake kwa miguu. Alijua kandambili zake zilizolika upande wa kisigino, alijua kikohozi chake cha alfajiri, na mgongo wake aliujua kuliko fundi cherehani anavyoujua mgongo wa mteja. Uso wake aliuona mara mbili tu. Ya kwanza ilikuwa kwenye picha ya harusi. Ya pili ilikuwa siku ya kumzika Lutengano, mume wake, walipogongana mlangoni na kila mmoja akakimbilia upande wake kama wezi wawili waliokutana kwenye nyumba moja.

Si kwamba walichukiana. Hiyo ndiyo adabu ya Wanyakyusa wa zamani, wenyewe huiita ukutila: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala jina lake halitaji. Akija huku, wewe unapita kule. Mkikutana njiani, unaingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Familia nyingi siku hizi zimeilegeza desturi hiyo, na wapo wanaokaa na wakwe zao kochi moja wakitazama mpira. Lakini mzee huyu wa kijiji cha Mwaya alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa mila, na hakuona kwa nini kimoja kimfukuze mwenzake. Jina lake ni Ambwene, maana yake "ameniona". Kisa hakuwahi kulitamka, na mwenye jina hakuwahi kumwangalia. Mungu naye ana utani wake.

Penye watu wawili wasiosemezana lazima apatikane wa tatu wa kubeba maneno, na katika boma lile mbebaji alikuwa Mama Lutengano, mama mkwe. Kisa akitaka kujua shamba lipi lipaliliwe kwanza, alimwambia mama, mama akaingia nyumba kubwa, akatoka na jibu. Mzee akitaka uji usiwe na sukari, neno lilisafiri njia ileile kurudi jikoni. Mama alikuwa mwepesi, mcheshi, mwenye mkono wa huruma begani pako kila anapokuletea neno baya. Kisa alimpenda. Hilo lisemwe mapema, maana bila hilo kisa chote hiki hakina uzito.

Mwezi wa kumi, Jubilate, aliyesoma naye uuguzi, alimtumia ujumbe kutoka Shelisheli. Kituo cha kulelea wazee alikofanya kazi kilitafuta muuguzi mmoja zaidi. Walikuwa wameshaviona vyeti vya Kisa, wameshamhoji kwa simu, wamempenda. Sharti lilikuwa moja: awe ameripoti kabla ya mwaka kuisha. "Huku ni jua tu, shoga," Jubilate alisema kwenye sauti aliyorekodi, na nyuma yake bahari ilikuwa ikivuma. "Nguo unafua saa nne, saa tano unavaa."

Kisa aliisikiliza sauti ile mara nne akiwa amekaa juu ya kinu jikoni. Hakuwa na shida na jua wala na mvua. Alikuwa amechoka kuinama. Tangu Lutengano afe kwa figo miaka mitatu iliyopita, aliishi nyumba ndogo nyuma ya jiko, mke wa mtu asiyekuwepo, akijificha katika uwanja anaoufagia mwenyewe. Alitaka kwenda mahali ambapo angetembea katikati ya njia. Na alitaka kwenda na Brenda, mwanawe wa miaka minane. Kituo kilikubali mtoto mmoja, ila kwa kuwa baba wa mtoto ni marehemu, walitaka barua ya ridhaa yenye saini ya babu mzaa baba. Ifike kabla ya tarehe thelathini ya Novemba, zaidi ya hapo kibali cha mtoto kinafungwa mpaka wajue wenyewe lini.

Basi Kisa akamwendea mama. Brenda hakuambiwa kitu, kwani hakuna aliyetaka aanze kuaga wenzake shuleni kabla ya wakati.

"Nimemfikishia," mama alisema kesho yake wakimenya ndizi. "Anasema anafikiria."

Wiki ikapita. "Anasema mtoto ni wa ukoo."

Wiki nyingine. "Mwanangu, ungejua ninavyokupigania mle ndani. Juzi kanifokea mpaka nimetoka nje. Anasema asisikie tena habari ya karatasi."

Kisa aliutazama mlango wa nyumba kubwa na kumchukia mzee yule kwa moyo wote, chuki safi ambayo hata kanisani hakuweza kuiombea msamaha. Ni rahisi kumchukia mtu usiyeuona uso wake. Tarehe thelathini ikaja, mvua ikanyesha kutwa, na ikaondoka.

Hapo mama alimshika mkono. "Nenda wewe," alisema. "Kazi usiiache. Brenda niachie mimi, nimlee kama nilivyomlea baba yake. Kila Jumapili nitakupigia nikwambie kala nini, kasoma nini, kakua kiasi gani."

Kisa alilia kwa shukrani. "Ndaga fijo, mama," alisema, akapiga magoti.

Tiketi ikatumwa na kituo: ndege kutoka Dar tarehe ishirini na nane Desemba. Kisa akanunua begi sokoni Kyela mjini na kuanza kulijaza taratibu, nguo mojamoja, kama mtu anayejizoesha maji ya baridi.

Tarehe ishirini jua lilitoka baada ya siku nne za mvua. Mama alikuwa ameondoka na wanawake wenzake kwenda msibani Katumba Songwe, Brenda alikuwa kwa rafiki yake, na Kisa alikuwa akianika kokoa kwenye kichanja. Akasikia kikohozi. Akaacha kokoa hapohapo, akajitupa jikoni na kusimama nyuma ya mlango.

Mzee hakupita. Alivuta kigoda, akakaa akilipa jiko mgongo, akaanza kuzigeuza punje za kokoa kwa kiganja. Pembeni yake kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mti wa mpera.

"Mbuzi," mzee alisema, "nina neno nataka kukwambia."

Nyuma ya mlango, Kisa alishika kanga yake mdomoni.

"Mimi ni mtu mzima, na mambo ya wake za watoto siyaingilii. Lakini nasikia mama yake Brenda anaondoka peke yake, na jambo hilo linaninyima usingizi. Mwezi wa kumi mke wangu aliniletea habari ya karatasi. Nikasema iletwe nitie saini. Mtoto aende akasome, aone dunia, mimi nimeona Mbeya tu na sikupungukiwa na kitu, lakini sikuongezewa pia. Nikasubiri karatasi. Nikauliza. Nikaambiwa mwenyewe amebadili mawazo, mtoto atamwekea mzigo huko ugenini." Akapuliza maganda. "Sasa nakuuliza wewe, mbuzi. Mwanamke yule namsikia kila asubuhi anavyomsuka yule mtoto nywele. Huyo ndiye wa kusema mtoto ni mzigo? Mimi siamini. Basi. Nimesema."

Waswahili husema usimpigie mbuzi gitaa. Siku ile gitaa lilisikika mpaka mwisho, na aliyelisikia alikaa chini kwenye majivu. Kisa alitaka kupaza sauti na kusema si kweli, sikusema hivyo. Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Miaka tisa alikuwa ameazima mdomo wa mtu mwingine, na wa kwake ulikuwa umesahau kazi.

Mzee alingoja kidogo, zaidi kidogo ya mtu anayengojea mbuzi. Kisha akajiinua akaenda zake, kandambili zikipiga kisigino.

Mama alirudi saa kumi na moja jioni, amechoka, kanga imetapakaa tope la kando ya mto. Alimkuta Kisa amekaa jikoni bila moto.

"Alikubali tangu Oktoba," Kisa alisema.

Mama hakuuliza nani. Alivua viatu, kimoja, halafu cha pili, akavipanga vizuri ukutani.

"Nani kakwambia?"

"Kamwambia mbuzi."

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Mama akakaa kwenye kinu. "Nilizaa watatu, Kisa," alisema. "Watatu wote nimewazika, na Lutengano ndiye alikuwa wa mwisho. Brenda ana vidole vya baba yake, hata kijiko anakishika vilevile. Ungemchukua, mimi ningebaki na nani wa kumtazama? Na mzee anayehesabu mvua?"

"Ungeniambia hivyo. Ungesema wewe ndiye hutaki."

"Ungeondoka naye."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulimuuma Kisa zaidi ya uongo.

"Umemwambia mzee kwamba unajua?" mama aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Nimwambie kwa mdomo upi, mama? Mdomo wangu ni wewe." Kisa alisimama. "Nenda kamwambie. Mwambie niliomba, na mwambie ulinijibu nini. Neno kwa neno. Nitakuwa dirishani nasikiliza."

Mama alijifuta uso kwa kanga, akaingia nyumba kubwa. Kisa alizunguka akasimama chini ya dirisha, mahali ambapo hakuwahi kusimama mzee akiwa ndani. Hata pale aliligeuzia dirisha mgongo. Mwili una adabu zake.

"Baba Lutengano," alimsikia mama akisema, "mkwe wako anashukuru sana. Anasema ameamua mwenyewe kwa moyo wake, mtoto abaki. Anasema usimfikirie vibaya."

Kisa alikuwa amejiandaa kusikia kilio, au kigugumizi. Hakujiandaa kwa hili: mama alijua wazi kwamba anasikilizwa, na bado akasema. Hivyo ndivyo alivyokuwa na uhakika kwamba Kisa hatathubutu.

"Hapana, baba."

Sauti ilitoka yenyewe, nene, ya mtu asiyemjua.

"Sikusema hivyo. Sijawahi kusema hivyo hata siku moja. Niliomba kwenda na mwanangu. Nikaambiwa umekataa."

Ndani, kiti kililia. Kisa alijua, bila kugeuka, kwamba mzee naye ameupa ukuta uso wake. Aibu ilikuwa ya wote wawili. Lakini alipoongea, hakumtafuta mbuzi wala mke.

"Nikitia saini sasa hivi?"

"Walifunga tarehe thelathini Novemba, baba."

"Basi nimechelewa."

"Hukuchelewa wewe, baba."

"Nimesikia," mzee alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu." Kwa mkewe hakusema neno, na hakusema naye siku ile wala iliyofuata.

Jubilate alipiga simu mara saba kabla ya Krismasi. Alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Tiketi yako bado nzima, alisema. Kibali chako kipo, kinachokosekana ni cha mtoto tu. Wangapi wameacha watoto kwa bibi zao wakaenda, na watoto wakakua? Wewe una nini cha zaidi?

"Nikija huko, habari za Brenda nitazipata wapi?" Kisa alimuuliza.

"Si utampigia bibi yake?"

"Ndiyo. Nitampigia bibi yake."

Jubilate hakuelewa, na Kisa hakuwa na namna ya kumwelewesha mtu aliyeko juani. Mtoto akiugua, angeambiwa mzima. Akilia usiku akimtaka mama yake, angeambiwa hata hakuulizii. Na yeye mtoto angeambiwa nini? Mama yako amesema. Mama yako hakutaki. Kila neno kati yake na mwanawe lingepita kinywani mule mule, Jumapili hadi Jumapili, mpaka mkataba uishe, na Kisa angekuwa ng'ambo ya bahari anashukuru. Hapo Mwaya angalau alikuwa karibu na dirisha.

Tarehe ishirini na nane ndege iliondoka bila yeye. Alikasirika siku ile kuliko siku zote za maisha yake, akalima tangu asubuhi hadi jembe likachomoka mpini.

Tarehe thelathini na moja, asubuhi, alikwenda kuteka maji. Mvua ilikuwa imekatika na njia ilikuwa na utelezi. Alitembea katikati. Kwenye kona ya migomba alimwona mama mkwe akija kutoka upande wa pili, mzigo wa kuni kichwani.

Mama aliinua macho, akamwona. Akasimama. Kisha akatoka njiani, akaingia migombani na mzigo wake, akaipa njia mgongo na kujifunika uso kwa kanga. Hapo alisimama, kimya, majani ya migomba yakimdondoshea maji mabegani, anangoja Kisa apite.

Kisa alisimama na ndoo yake tupu. Alikijua kila kiungo cha kusimama kule: shingo inavyouma, masikio yanavyohesabu hatua za mwenye njia. Alitaka kusema neno, hata salamu tu, na hakulipata. Akapita.