Elgi wa Miguu Miwili

Ragnfrid alikuwa na miaka sitini na mitatu, na adhuhuri ile ya Februari alikuwa amevaa kwato.

Usicheke. Marehemu mumewe, Halvdan, ndiye aliyezitengeneza: mbao mbili za kufunga chini ya viatu, na chini ya kila ubao amepigilia kwato za elgi, yule mnyama wa misitu ya kwao aliye mkubwa kuliko farasi. Ukitaka kumfundisha mbwa kufuata harufu ya mnyama aliyejeruhiwa, unakanyaga nazo huku ukidondosha damu ya elgi uliyoiweka kwenye friza, tone hapa, tone pale. Kesho yake unamleta mbwa afuate. Bonde zima hufanya hivyo na hakuna anayeona ajabu.

Ajabu ilikuwa mbwa mwenyewe. Aliitwa Konge, yaani Mfalme, lakini alikuwa mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, hata theluji ikimgusa tumbo tu hukaa kitako akagoma. Mwezi mzima aligoma. Mwishowe Ragnfrid akachukua sweta ya Halvdan, akakata mkono mmoja, akamvisha. Mkono mmoja ulimtosha mbwa mzima.

Kwa nini ajitese hivyo? Halvdan alifariki Novemba, na mbwa wake mzee akamfuata baada ya wiki mbili. Asmund, kiongozi wa kikosi cha wawindaji, alikuja na keki ya pole mkononi, na kabla keki haijakatwa akasema, "Ragnfrid, kituo cha nne nitampa mkwe wangu. Ana mbwa mwenye cheti cha kufuata damu. Labda nawe upate mbwa mwenye cheti kabla ya masika."

Kituo cha nne, pahali pa mwindaji kukaa akimngoja elgi, ni kisiki cha msonobari. Halvdan alikaa pale misimu thelathini na mmoja, na Ragnfrid ubavuni pake akimmiminia kahawa, wasisemezane neno tangu asubuhi hadi jua lizame. Nyama ya elgi hakuwa na haja nayo. Alitaka kukaa pale, basi. Na yule Asmund, na keki yake!

Adhuhuri ile ya Februari alianzia nyuma ya duka, akakusudia kwenda msituni. Lakini miguu ina mambo yake. Ikampeleka uani mwa kanisa, akajikuta amekaa chini kwenye kaburi la Halvdan, akimweleza kwamba bomba la jikoni linavuja tena. Alikaa sana. Baridi ilipomchoma akanyanyuka akaenda moja kwa moja nyumbani, kwato miguuni, chupa ya damu ikivuja mfukoni, na habari ya msitu ameisahau kabisa.

Asubuhi simu ikalia.

"Ragnfrid!" Alikuwa Asmund, anahema. "Mlete huyo kisoseji wako hapa dukani, upesi! Kuna elgi kajeruhiwa, kapita katikati ya kijiji."

"Mbwa wa mkweo je?"

"Wameenda visiwa vya Kanaria kuota jua, yeye na mbwa wake. Njoo! Na usishtuke, mama. Ana miguu miwili."

"Mkweo?"

"Elgi!"

Alipofika, Asmund alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, bunduki begani, akipima nyayo kwa kiganja. Pembeni yake alisimama Gunnvor, mtahini wa mbwa wa wilaya, mwanamke mkavu mwenye kalamu sikioni.

"Miguu ya mbele imevunjika yote," Asmund alieleza. "Anatembea kwa ya nyuma. Miaka arobaini nawinda, sijapata kuona mnyama jasiri hivi."

"Asmund, sikiliza," Ragnfrid alianza, "hizo nyayo ni..."

"Kwa kuwa mbwa mwenye cheti hayupo," Gunnvor alimkatiza, "huyu nitamtahini hapa hapa. Akimfikisha mnyama, cheti nasaini leo. Ulikuwa unasema?"

Ragnfrid akafumba mdomo. Cheti, leo! Ungekuwa wewe ungesema?

"Nilikuwa nasema ni nyayo nzuri," alisema.

Konge akainamisha pua. Na jamani, siku hiyo, ndani ya mkono wake wa sweta, mbwa yule alifanya kazi. Hakugoma hata mara moja. Alizunguka duka, akapenya uzio, akavuka barabara baada ya kusubiri gari lipite, kama alivyosubiri elgi. Asmund akatikisa kichwa. "Ana akili huyu. Kaangalia kulia na kushoto."

Wakafika kaburini. Theluji ilikuwa imelaliwa, imeyeyuka hadi majani yakaonekana. Asmund akachuchumaa, akaweka kiganja pale.

"Hapa kalala," alisema kwa sauti ya chini. "Kalala saa nzima au zaidi. Mnyama asiye na jambo halali hivi, amejikunja pahali pamoja. Huyu kaumia vibaya." Kisha akasoma jiwe. "Lo! Na kamlalia Halvdan. Samahani, Ragnfrid."

"Si kitu," Ragnfrid alijibu, na ilimbidi ainame afunge upya kamba za viatu ili asitazamwe usoni.

Konge akavuta. Akapita kisima, akapita banda la kuni, akapanda ngazi tatu za nyumba ya Ragnfrid moja baada ya nyingine, akiburuza tumbo, akasimama mlangoni akabweka.

Asmund akashusha bunduki. "Yesu wangu," alinong'ona. "Kaingia ndani. Ulifunga mlango?"

"Sikufunga."

"Basi kashika kitasa. Rudini nyuma wote!"

"Na kavua viatu," alisema Gunnvor.

Kweli. Penye mkeka nyayo za kwato zilikoma, na kutoka hapo zikaanza za soksi. Hata elgi, akiingia nyumba ya watu, ana adabu zake. Asmund alizitazama zile za kwato, akazitazama za soksi, akarudia za kwato. Konge hakungoja hesabu hiyo. Akasukuma mlango kwa pua, akatoka na ubao mmoja wenye kwato mdomoni, akauweka juu ya kiatu cha mtahini.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Ragnfrid, mwenye nguo, alitamani ardhi impasukie.

Gunnvor akatoa fomu. "Mbwa: amefaulu," akaandika.

"Amefaulu nini?" Asmund alifoka. "Elgi yuko wapi?"

"Huyo hapo." Akamwelekezea Ragnfrid kalamu. "Kiongozi wa kikosi hutakiwa kuthibitisha hali ya mnyama. Amekufa au ni mzima. Muulize."

"Nimuulize? Asubuhi nzima nimefuata bibi kwa bunduki, sasa nimuulize!"

"Muulize, Asmund. Fomu ni fomu."

Asmund akatoa risasi bundukini, akavua kofia, akakohoa. "Ragnfrid," alisema, "je, u mzima?"

Majirani walikuwa wamemletea keki kumi na nne. Pole alipewa hata zikamchosha. Swali hilo hakuna aliyemuuliza. Akafungua mdomo aseme mzima, kama watu wasemavyo, na neno likakataa kutoka.

"Si mzima," alisema. "Tangu Novemba si mzima, Asmund. Naongea na kaburi habari za mabomba. Nalala na sweta yake, na sweta yenyewe nimeikata nikamvisha mbwa." Akalia pale pale mlangoni, kwa sauti, bila kujificha.

Asmund alimgeukia Gunnvor kama mtu anayezama. "Jibu hilo halimo kwenye fomu."

"Halimo," Gunnvor alikubali. "Ikiwa hajafa na si mzima, haachwi. Kiongozi anarudi kesho."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

Kesho yake saa nne Asmund alirudi, bunduki begani, maana hakujua mtu hufuatilia vipi bila bunduki. Akavua viatu, akaketi jikoni. Ragnfrid akammiminia kahawa. Hawakusema neno hadi jua likazama, isipokuwa Asmund aliposimama kukaza lile bomba. Akaja kesho kutwa. Akaja na mtondo.

Mkwe wake aliporudi kutoka Kanaria, pua imebabuka kwa jua, aliuliza lini atapelekwa kukiona kituo cha nne.

"Hicho kina mwenyewe," Asmund alimwambia.